Kumshiriki Mungu Asiyechunguzika

Imani ya Kikristo husema juu ya Mungu mambo mawili ambayo, yakisomwa kwa pamoja, humfanya msomaji makini asite. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, Mungu ndiye ambaye "amekaa katika nuru isiyoweza kukaribiwa, wala hakuna mwanadamu aliyemwona, wala awezaye kumwona". Katika sura ya kwanza ya Waraka wa Pili wa Petro, waamini wanaambiwa kwamba wamekirimiwa ahadi kubwa mno ili kwa hizo "mpate kuwa washirika wa tabia ya Uungu, mkiokolewa na uharibifu uliomo duniani kwa sababu ya tamaa". Swali linakuja lenyewe: mtu atashirikije asili ya yule ambaye hata nuru anamokaa haikaribiki?

Njia nyepesi ni kuliacha mojawapo. Wako wanaousisitiza ukuu wa Mungu hata neno la Petro linabaki kuwa pambo la lugha, namna tamu ya kutuhimiza tuwe watu wema. Wako pia wanaolishika neno la Petro kwa nguvu hata Mungu anakuwa kama daraja la juu la ubinadamu, ambalo mwenye imani ya kutosha anaweza kulipanda. Historia ya mafundisho ya Kanisa, hasa ya karne ya nne, inaonyesha jambo ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha: waliolegeza upande mmoja wa fundo hili hawakubaki na upande wa pili, kwa maana yote mawili yaliwaponyoka pamoja.

Kabla ya kuifikia historia hiyo, inafaa kuyaangalia maneno yenyewe tunayoyatumia, kwa sababu Kiswahili hapa kinasaidia na pia kinaweza kupotosha. Neno "fumbo" limetokana na kufumba, kitendo tunachokifanya kwa macho, kwa mdomo na kwa kiganja. Inapendeza kuona kwamba neno la Kigiriki la Agano Jipya, misterioni, nalo huhusishwa na kitenzi chenye maana ya kufunga macho au midomo. Hata hivyo masikio yetu yamezoea fumbo la aina nyingine, lile la methali isemayo "fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua". Fumbo la namna hiyo ni mtihani wa akili. Lina jibu, jibu limefichwa, na likishapatikana fumbo limekwisha. Fumbo analolitaja Mtume Paulo haliko hivyo hata kidogo. Katika Waraka kwa Wakolosai anazungumzia siri iliyofichwa tangu zamani zote na sasa imedhihirishwa kwa watakatifu, kisha anaitaja waziwazi: "Kristo ndani yenu, tumaini la utukufu". Siri imekwisha kutajwa, nayo ingali siri. Haikung'amuliwa na mwerevu yeyote, maana ilijifunua yenyewe, na kadiri inavyofunuka ndivyo kina chake kinavyoonekana.

Msomaji azingatie pia kilichomo ndani ya siri hiyo. Paulo hasemi kwamba siri ni ile sehemu ya Mungu iliyobaki mbali na sisi, na kwamba ushirika ni ile sehemu iliyotufikia. Siri yenyewe ni "Kristo ndani yenu". Fumbo na ushiriki vimetajwa kwa pumzi moja, na makala hii yote kwa kweli ni ufafanuzi wa maneno hayo matatu.

Neno la pili la kuangaliwa ni "tabia". Kwa Kiswahili cha leo tabia ni mwenendo, yaani yale mazoea mema au mabaya anayojulikana nayo mtu. Anayeisoma tafsiri hiyo ya Petro bila kujua anaweza kudhani kwamba tunaagizwa kuiga mwenendo wa Mungu, jambo ambalo ni jema lakini silo linalosemwa hapo. Kigiriki kina neno fisis, yaani asili, kile kinachokifanya kitu kiwe hicho kilivyo. Mwandishi wa waraka anajieleza mwenyewe kwa kuupambanisha Uungu na uharibifu: asili ya Mungu ni uhai usiooza, na kuishiriki ni kuokolewa na kuoza. Kwa hiyo ahadi inagusa uhai wenyewe wa mtu, na mwenendo mwema hufuata kama tunda.

Neno la tatu, "ushirika", lina jirani wa hatari zaidi. Mzizi wake wa Kiarabu umetuzalia shirika, kushiriki na ushirika, na mzizi huohuo umetuzalia shirki na ushirikina, yaani dhambi ya kumwekea Mungu washirika. Haishangazi basi kwamba maneno "washirika wa Uungu" humshtua msikilizaji anayejua uzito wa kumkiri Mungu mmoja. Pingamizi hilo ni la haki, na Wakristo wa kwanza, waliorithi ungamo la Israeli kwamba Bwana ni mmoja, walilihisi kabla yetu. Jibu linapatikana kwa kutenganisha mambo mawili. Shirki ni kumwongezea Mungu mwenzi, mwingine anayesimama kando yake na kugawana naye utukufu au mamlaka. Ushiriki unaofundishwa na mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Kikristo wa karne za mwanzo, haumwongezei Mungu kitu wala haumgawi, kwa sababu anayeshiriki hana chochote anachokimiliki kama chake katika hicho anachokishiriki. Aotaye jua halipunguzi jua, wala hawi jua la pili.

Sasa tuje kwenye karne ya nne. Arius, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Pamoja na hayo alifundisha jambo ambalo husahaulika: Baba amefichika kiasi kwamba hata Mwana mwenyewe hamjui kikamilifu. Hapo fumbo limetiwa kufuli na ufunguo umetupwa. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulijibu kwamba Mwana amezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba. Atanasi, aliyekuwa askofu wa Aleksandria kuanzia mwaka 328, alitumia maisha yake kuonyesha kwa nini jambo hilo si mabishano ya maneno. Hoja yake ni fupi na kali: ikiwa Mwana naye ni mungu kwa kushirikishwa tu, basi hawezi kuwashirikisha wengine, kwa sababu alicho nacho si chake, amekopeshwa. Mwenye kuazimwa hana cha kurithisha.

Katika nusu ya pili ya karne hiyohiyo alitokea Eunomius, aliyefuata mkondo wa Arius lakini akaingilia mlango wa upande wa pili. Yeye alidai kwamba dhati ya Mungu, yaani kile Mungu alicho katika undani wake, inajulikana, tena kwa neno moja: "asiyezaliwa". Kwa kuwa Mwana amezaliwa, hoja ikaendelea, dhati yake ni nyingine, naye ni kiumbe. Ndugu wawili, Basili Mkuu na Gregori wa Nisa, walimpinga kwa maandishi marefu. Basili aliandika katika barua yake moja kwamba tunamjua Mungu kwa utendaji wake, na kwamba utendaji huo hutushukia hapa tulipo, ilhali dhati yake inabaki isiyofikika. Sentensi hiyo itarudi baada ya miaka karibu elfu moja.

Tazama basi walipofikia watu hawa wawili. Mmoja alilifunga fumbo kabisa, mwingine akalifumbua lote kama kitendawili kilichoteguliwa, na wote wakaishia palepale: kiumbe amesimama kati ya Mungu na wanadamu, na mwanadamu amebaki nje. Nadhani hili si tukio la bahati. Mungu anayetoshea ndani ya neno moja la mwanafalsafa ni kitu kimoja miongoni mwa vitu, hata kama ni kikubwa kuliko vyote, na kitu hakiwezi kukaa ndani ya kitu kingine bila kukisukuma. Kwa upande mwingine, Mungu asiyeweza kabisa kujitoa amefungwa na ukuu wake mwenyewe, na huo si ukuu.

Fundisho ambalo Arius na Eunomius walilipoteza lilikuwa limekwisha kusemwa mapema. Ireneo, askofu wa Lyon, akiandika mnamo mwaka 180 dhidi ya waliodai kuwa na elimu ya siri inayookoa wateule wachache, alisema kwamba Neno wa Mungu, kwa upendo wake usio na kipimo, alifanyika vile tulivyo sisi ili atufanye tuwe vile alivyo yeye. Atanasi alilikaza wazo hilo katika sentensi inayotajwa mara nyingi: alifanyika mtu ili sisi tufanywe miungu. Wagiriki waliuita mwendo huo theosisi. Wengi hufikiri kwamba ni mafundisho ya Kanisa la Mashariki, la Wagiriki, peke yake, lakini Agostino aliwahubiria watu wake jambo hilohilo kwa Kilatini, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika kifungu cha 460, inawanukuu Ireneo, Atanasi na Thoma wa Akwino kwa mfuatano ili kueleza kwa nini Neno alitwaa mwili.

Sentensi ya Atanasi ina mwelekeo, na anayeugeuza mwelekeo ameiharibu. Inaanza na kushuka kwa Mungu, wala si na kupanda kwa mtu. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba nyoka naye aliahidi: "mtakuwa kama Mungu, mkijua mema na mabaya". Ahadi ya nyoka na ahadi ya Petro zinafanana kwa maneno hata mtu anaweza kuzichanganya, lakini katika bustani kitu kinanyakuliwa bila mwenyewe kukitoa, na katika Kristo kinapokewa kutoka mkononi mwake. Waraka kwa Wafilipi unasema kwamba yeye, aliyekuwa na namna ya Mungu, hakuona kule kuwa sawa na Mungu kuwa ni kitu cha kushikamana nacho. Kwa hiyo uhai wa Mungu anaotushirikisha Kristo ni uhai wa kujitoa, na anayeutaka kwa kuunyakua anataka kitu ambacho hakipo.

Hapa niruhusiwe neno la pembeni. Wako wahubiri wanaolishika andiko la Zaburi ya 82, "Mimi nimesema, Ndinyi miungu", na kuwafundisha wasikilizaji kwamba wao ni miungu wadogo, wenye uwezo wa kuumba mambo kwa kutamka. Zaburi hiyo inawakemea waamuzi wanaohukumu kwa dhuluma na kuwaacha maskini na yatima, na mstari unaofuata mara moja unasema: "Lakini mtakufa kama wanadamu". Yesu aliinukuu zaburi hiyo, kama inavyosimuliwa katika sura ya kumi ya Injili ya Yohana, alipojibu shtaka la kujifanya Mungu, wala hakumgawia mtu yeyote mamlaka ya kutamka ulimwengu. Mababa waliposema "miungu" waliongeza daima kwamba ni kwa neema na kwa kufanywa wana, si kwa asili.

Linabaki swali la namna. Inawezekanaje Mungu awe ndani ya mtu bila mtu kumezwa, na mtu awe ndani ya Mungu bila Mungu kupungua? Kinachotutatiza ni mazoea ya kufikiri juu ya nafasi. Viumbe viwili haviwezi kukaa mahali pamoja. Kimoja kikiingia, kingine hutoka. Tukimfikiria Mungu hivyo, kila hatua ya Mungu kuingia katika maisha ya mtu itakuwa hatua ya mtu kutoka. Lakini Mungu si kiumbe kikubwa kilichopangwa safu moja na viumbe vingine. Paulo aliwaambia Waathene kwamba "ndani yake yeye tunaishi, tunakwenda, na kuwa na uhai wetu". Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alilieleza jambo hilo kwa kusema kwamba viumbe vina kuwapo, ilhali Mungu ndiye kuwapo kwenyewe. Kila kilichopo, jiwe au malaika, tayari kinashiriki kwa kiasi chake, la sivyo kisingekuwapo. Ushiriki wa neema haumjengi mtu juu ya msingi mgeni. Unamfungua zaidi kwa yule ambaye bila yeye asingekuwapo hata sekunde moja. Kwa hiyo kutochunguzika kwa Mungu, ambako mwanzoni kulionekana kuwa kizuizi cha ushirika, ndiko kunakouwezesha. Kwa sababu Mungu si kimojawapo cha vitu, anaweza kuwa karibu na mtu kuliko mtu alivyo karibu na nafsi yake, bila kumsukuma.

Mfano uliopendwa na mababa ni wa chuma kilichotiwa motoni. Chuma huwa chekundu, hung'aa, huunguza kama moto unavyounguza, wala hakiachi kuwa chuma. Maandiko yana mfano ulio mzuri zaidi, wa kijiti alichokiona Musa kikiwaka moto bila kuteketea. Mifano yote miwili ina kasoro moja: chuma na kijiti havina hiari. Mtu anayo, na kasoro hiyo ya mfano ilimgharimu mtu mmoja mkono na ulimi.

Maksimo Muungamadini, mtawa aliyezaliwa mnamo mwaka 580, aliishi wakati ambapo watawala wa Konstantinopoli walitaka kuwapatanisha Wakristo waliofarakana baada ya Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451. Mtaguso huo ulikuwa umefundisha kwamba Kristo ni mmoja katika asili mbili, ya kimungu na ya kibinadamu, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Njia ya maridhiano iliyopendekezwa ilikuwa kukiri kwamba Kristo ana utashi mmoja tu, ule wa kimungu. Ilionekana kuwa jambo dogo, tena la heshima: nani angetaka kusema kwamba ndani ya Kristo kuna utashi mwingine kando ya ule wa Mungu? Maksimo alikataa. Alitazama bustani ya Gethsemane, pale Yesu aliposema "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke", akaona kwamba anayesema hivyo ana utashi wa kibinadamu ulio wake kweli, unaoogopa kifo kama sisi tunavyokiogopa, nao unakubali. Haukufutwa, uliitikia. Mwaka 662, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, alihukumiwa, akakatwa ulimi na mkono wa kuume, akapelekwa uhamishoni ambako alikufa mwaka huohuo. Mtaguso wa Tatu wa Konstantinopoli, miaka ya 680 na 681, ulifundisha tashi mbili katika Kristo, kama alivyokuwa ameshikilia.

Kwa nini jambo hili ni kiini cha mada yetu? Kwa sababu yaliyotukia katika Kristo ndiyo kipimo cha yale yanayoahidiwa kwetu. Ikiwa ubinadamu wa Kristo ulimezwa ulipoungana na Uungu, basi nasi tutamezwa, na kushiriki uhai wa Mungu kutakuwa jina la heshima la kutoweka. Gregori wa Nazianzo alikwisha kusema katika karne ya nne kwamba kisichotwaliwa hakiponywi. Maksimo alilipeleka neno hilo hadi kwenye utashi: Kristo alitwaa utashi wa kibinadamu, kwa hiyo utashi wetu nao utaponywa na kuishi, ukimpenda Mungu kwa hiari yake. Mtu anayeshirikishwa Uungu anakuwa mtu zaidi, si pungufu.

Katika karne ya 14 swali lilirudi kwa sura nyingine. Watawa wa Mlima Athos, walioitwa wahesikasti kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya utulivu, walikuwa wakisali kwa kurudia jina la Yesu, na baadhi yao walisema kwamba katika sala wameiona nuru ileile iliyong'aa juu ya mlima Kristo alipogeuka sura. Barlaam, mtawa msomi kutoka Calabria kusini mwa Italia, aliwacheka. Kwa sababu baadhi yao walisali wakiwa wameinamisha kichwa kifuani, aliwapa jina la kejeli, watu wenye roho kitovuni. Hoja yake haikuwa ya kijinga: Mungu hajulikani wala haonekani, kwa hiyo nuru yoyote inayoonekana ni kiumbe. Angalia alivyolitumia fumbo kuukana ushirika, kama Arius kabla yake.

Gregori Palamas, mtawa wa Athos ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Thesalonike, alijibu kwa kuichukua ile sentensi ya Basili na kuifanya nguzo. Dhati ya Mungu haishirikiki na kiumbe chochote, sasa wala milele. Lakini Mungu hutenda, hung'aa, hupenda, huhuisha, na utendaji huo haukuumbwa. Ni Mungu mwenyewe anayejitoa, wala si wakala wake. Anayeishiriki nuru ya Kristo anamshiriki Mungu kweli, wala hajaishika dhati yake. Mitaguso iliyofanyika Konstantinopoli mwaka 1341 na mwaka 1351 iliunga mkono fundisho hilo, nalo limebaki kuwa fundisho la Waorthodoksi hadi leo.

Magharibi ilikuwa imepita njia nyingine. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulikuwa umesema kwamba kati ya Muumba na kiumbe hakuwezi kutajwa mfanano wowote bila kutajwa tofauti iliyo kubwa kuliko mfanano huo. Thoma alifundisha kwamba Mungu peke yake anaweza kumfanya mtu awe wa kimungu, kama vile moto peke yake unavyoweza kuwasha, na kwamba neema ni badiliko la kweli linalotokea ndani ya nafsi ya mtu, badiliko lililoumbwa, kwa sababu mtu anayebadilika ni kiumbe. Na mwaka 1336, miaka mitano tu kabla ya mtaguso wa kwanza uliomuunga mkono Palamas, Papa Benedikto XII alitamka kwamba watakatifu mbinguni wanaiona dhati yenyewe ya Mungu uso kwa uso.

Wagombanao hapa wana hofu mbili, na zote mbili zina msingi. Wamagharibi huuliza kama Palamas hakumgawa Mungu sehemu mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Waorthodoksi huuliza kama neema iliyoumbwa haimwachi mtu na zawadi mkononi bila mtoaji. Kuna wanaopenda kusema kwamba ni tofauti ya maneno tu. Sikubaliani nao kabisa, ingawa sehemu kubwa ni ya maneno. Thoma anaposema kwamba watakatifu wataiona dhati ya Mungu, anaongeza papo hapo kwamba hawataimaliza. Wanamwona mzima, lakini hawamwoni kwa ukamilifu anaojiona nao mwenyewe. Palamas akisikia "kuona dhati" anasikia "kuimaliza". Hapo wanaweza kuelewana. Wasipoelewana ni kuhusu mahali pa kuuweka mpaka: Thoma anauweka katika udogo wa anayeona, Palamas anauweka katika Mungu mwenyewe. Hata hivyo kila mmoja, kwa istilahi zake, anawakataa wale watu wawili tuliowakuta katika karne ya nne.

Wanamatengenezo wa karne ya 16, waasisi wa makanisa ya Kiprotestanti, wametuhumiwa mara nyingi kuwa waliliacha fundisho hili na kubaki na msamaha wa kimahakama, ambapo mtu hutangazwa mwenye haki huku akibaki kama alivyokuwa. Tuhuma hiyo ni ya haraka mno. Martin Luther, akiufafanua Waraka kwa Wagalatia, alisema kwamba Kristo yumo ndani ya imani yenyewe, na mwanateolojia wa Finland Tuomo Mannermaa aliijenga juu ya sentensi hiyo kazi yake ya kuwakutanisha Walutheri na Waorthodoksi. John Calvin, alipofika kwenye andiko la Petro, aliandika kwamba lengo la Injili ni kutufananisha na Mungu hatimaye, na kwamba huko, kama inaruhusiwa kusema hivyo, ni kufanywa wa kimungu. Kisha akaonya mara moja dhidi ya wanaofikiri kwamba dhati ya Mungu inamiminwa ndani yetu. Naye John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliandika katika shajara yake kwamba alfajiri ya tarehe 24 Mei 1738, siku ileile ambayo jioni yake moyo wake uliguswa na imani kwa namna iliyobadili maisha yake, aliifungua Biblia na kukutana na ahadi ya kuwa washirika wa Uungu.

Ushiriki huu hauanzii katika maono. Unaanzia katika maji na mkate. Paulo anawauliza Wakorintho: "Kikombe kile cha baraka tukibarikicho, je! Si ushirika wa damu ya Kristo?" Neno la Kilatini lililotupa sakramenti ni mojawapo ya maneno yaliyotumika kulitafsiri lile neno misterioni, kwa hiyo fumbo lisilochunguzika na mkate unaoliwa vilibeba jina moja tangu mwanzo. Sirili wa Yerusalemu, akiwafundisha waliobatizwa punde katika karne ya nne, aliwaambia kwamba kwa kuupokea mwili na damu ya Kristo wanakuwa wa mwili mmoja na damu moja naye. Katika Misa ya Kirumi, tone la maji linapotiwa katika divai, huombwa kwa sauti ya chini kwamba tuushiriki umungu wa yule aliyekubali kuushiriki ubinadamu wetu. Na Gregori wa Nazianzo, katika hotuba yake juu ya kuwapenda maskini, alimwambia msikilizaji awe mungu kwa mwenye dhiki kwa kuiga huruma ya Mungu. Kwake yeye mtu hana kitu cha kimungu kuliko kutenda wema, na hapo ile maana ya "tabia" tuliyoiweka kando mwanzoni inarudi kwa mlango wake halali.

Linabaki swali la mwisho wa safari: fumbo litakwisha siku ile tutakapomwona? Yohana anaandika kwamba "haijadhihirika bado tutakavyokuwa, lakini twajua ya kuwa atakapodhihirishwa, tutafanana naye, kwa maana tutamwona kama alivyo". Gregori wa Nisa alifikiri kwamba hata huko hakuna kukinai. Nafsi inayomshiriki Mungu asiye na mwisho hupanuliwa na kile inachokipokea, na kwa kupanuliwa hutamani zaidi, na hamu hiyo si njaa ya mwenye kukosa, bali ni namna ya kushiba. Alilisoma hivyo simulizi la Kitabu cha Kutoka, pale Musa anapoomba kuuona utukufu wa Mungu na kujibiwa "utaniona nyuma yangu, bali uso wangu hautaonekana". Wasomaji wengi huona hapo nusu ya jibu, au kunyimwa kwa upole. Gregori aliona kwamba Musa alipewa alichoomba. Anayemfuata kiongozi wake humwona mgongoni, na anayetazamana naye uso kwa uso njiani anaelekea upande mwingine.